Meza ya zamani ndani ya nyumba ya mawe: dalili, sababu na tiba

Meza nyingi zinazoletwa kwangu huja na hukumu tayari. Mwenyewe ameshaamua nyumbani: "Ikate miguu", au "Ipige vanishi mpya", au "Ubao umeoza, tia mwingine." Nikiipindua na kuipitishia tochi, mara nyingi hukumu hiyo haisimami. Miguu haikuwa mirefu, viti ndivyo vilivyokuwa vifupi. Ubao haukuoza, ila umebanwa na skrubu za fundi aliyetangulia hata ukakosa nafasi ya kuvimba na kusinyaa. Kwa hiyo hapa naanza na dalili, nafuata sababu, na msumeno nauweka mwisho.

Nazungumzia meza za mbao ngumu, yaani mvule, msaji ambao wengi sasa huuita mtiki, mninga na mkangazi, pale zinapohamishiwa kwenye nyumba kongwe za mawe na chokaa. Mimi kazi zangu ziko Mji Mkongwe wa Unguja, lakini mwenye nyumba ya Lamu, Mombasa au Bagamoyo ataona mambo ni yale yale, maana bahari ni moja na chokaa ni ile ile.

Pima nyumba kabla ya kupima meza

Nyumba hizi zina vipimo vyake. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Vyumba vingi vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, hata kama urefu wake ni mara mbili au tatu ya hapo. Meza iliyotengenezwa kwa ukumbi wa mraba ikiingia humo inageuka kizuizi.

Jambo la pili, wenyewe wa nyumba hizi kwa karne nyingi walikula mkekani, sinia katikati, watu wakalizunguka. Meza ndefu ya kulia chakula ilikuja baadaye, na haikuingia kila nyumba. Basi ukiona meza yako "haikai" chumbani ingawa ni nzuri na nzima, kasoro haiko kwenye mbao. Meza ni mgeni, na mgeni hupangiwa pa kukaa. Chukua chaki, chora sakafuni umbo la meza kwa vipimo vyake kamili, weka viti, uishi na mchoro huo siku mbili. Watu wapite na sinia, watoto wapite mbio. Gharama yake ni chaki tu.

Dalili: meza inameza chumba

Tuseme chumba kina upana wa sentimita 270 na meza ina 110. Kila upande zinabaki 80. Mtu akivuta kiti kukaa, kiti kinachukua karibu zote, na wa kupita nyuma yake hana njia. Meza ya sentimita 80 chumba hicho hicho inaacha 95 kila upande, na hapo mtu hujipenyeza.

Kabla ya kupunguza upana, tazama chini uso wa meza umetokeza kiasi gani nje ya fremu, yaani zile mbao nne zinazounganisha miguu. Ukitokeza sentimita 18 kila upande, unaweza kuondoa 8 au 10 kila upande na meza ikabaki na sura yake. Ondoa sawa pande zote mbili, kisha rudisha umbo la ukingo kama lilivyokuwa, kwa randa na msasa. Ukingo ukiachwa mkali kama ubao wa dukani, jicho litaugundua kutoka mlangoni.

Kama uso haukutokeza, kupunguza upana maana yake ni kufupisha fremu: kung'oa miguu, kukata ndimi za mbao, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu ya miguu, na kuzichonga upya. Kazi hiyo inafanyika, nimeifanya, na kwa meza ya kawaida siipendekezi. Badilishana na mtu mwenye meza nyembamba. Meza pana nzuri itampata mwenye chumba kipana.

Dalili: ukikaa, mabega yanapanda au magoti yanagonga

Hizi ni dalili mbili tofauti na watu huzichanganya. Mabega yakipanda, uso wa meza uko juu mno kwa kiti ulicho nacho. Magoti yakigonga, fremu imeshuka mno, na hapo kukata miguu kunazidisha ugonjwa.

Meza ya kulia huwa na sentimita 74 hadi 76 kutoka sakafuni, na kiti chake 43 hadi 46. Kati ya kikalio na uso wa meza panahitajika kama sentimita 28 hadi 30. Kiti cha enzi, kile cha jadi cha pwani, kina kikalio kilicho juu na pa kuwekea miguu, hivyo ukikitumia na meza ya kawaida utajiona umening'inia, na ukiikata meza ili ilingane na viti vya plastiki utakuwa umevifukuza viti vya enzi nyumbani milele. Amua kwanza viti gani vitabaki.

Wengine wanataka kuigeuza meza ndefu kuwa fupi, ya kuweka mbele ya baraza au kukalia mkekani. Ni wazo linaloendana na nyumba, ila angalia miguu ikoje. Mguu wa pembe nne ulionyooka unakubali kukatwa popote. Mguu uliochongwa kwa mashine ya kukereza, wenye mabonge na shingo, ukiukata chini unabaki bila wayo. Meza inaonekana kama imezama sakafuni. Mguu uliokonda kuelekea chini nao ukikatwa sana unabaki mnene kama gogo. Kwa meza ya namna hii tafuta mwenzake aliyekwisha kuharibika miguu, umkate huyo.

Ukishaamua kukata, fanya hivi. Usipime kila mguu kwa futi peke yake. Miguu ya meza kongwe hailingani, na kipimo kutoka juu kitakudanganya. Isimamishe meza pahali palipo sawa kweli, kwa mfano juu ya ubao mpana uliokaguliwa kwa pima maji. Weka kabari ndogo chini ya miguu mpaka uso wa meza uwe sawa pande zote. Kisha chukua kipande cha mbao chenye unene sawasawa na kiasi unachotaka kuondoa, kilaze ubaoni, weka penseli juu yake na uzungushe mstari kila mguu, pande zote nne. Mstari huo umeshasahihisha makosa yote ya miguu. Pitisha kisu kikali juu ya alama ya penseli ili nyuzi zikatike kabla ya msumeno, usije ukang'oa kibanzi. Baada ya kukata, piga msasa kingo za chini kidogo, ziwe na mteremko mwembamba. Mguu wenye kona kali hupasuka siku ya kwanza meza itakapoburutwa.

Ikiwa ni mvule, usishangae msumeno ukigonga kitu kama jiwe. Ni jiwe kweli: mti huo huweka chokaa ndani ya mbao. Na vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, hivyo funika pua na mdomo hata kama kazi ni ya dakika kumi.

Dalili: meza inayumba

Hapa ndipo mbao nyingi nzuri zimepotea bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Niliitwa nyumba moja mtaa wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe. Bi mkubwa alikuwa amekaa kibarazani ananisubiri. Nilipomwamkia akaniambia, "Marahaba mwanangu. Meza hii ya marehemu mume wangu, mafundi watatu wameshaikata na bado inacheza. Wewe usinikatie." Nilipiga magoti nikaangalia nyayo za miguu. Kila mguu ulikuwa na rangi yake: mmoja umekatwa zamani umeshakuwa mweusi, wa pili kahawia, wa tatu bado mweupe kwa upya. Wa nne haukuguswa. Nikamwomba mjukuu wake anisaidie kuizungusha meza nusu duara, mbele ikae nyuma. Ikayumba vile vile, lakini sasa mguu uliokuwa hewani ulikuwa mwingine, ule uliokuja kusimama pahali pa wa mwanzo. Kosa halikuanzia kwenye meza. Sakafu ya chokaa ilikuwa imebonyea pale pembeni, labda tangu kabla bi mkubwa hajaolewa. Tulipima urefu wa kila mguu: kati ya uliokatwa sana na ule ambao haukuguswa tofauti ilikuwa zaidi ya sentimita mbili. Hiyo yote iliondolewa kwa ajili ya shimo la sakafu.

Basi jaribio la kwanza ni hilo. Izungushe meza. Mguu ule ule ukiendelea kuning'inia popote unapouweka, kosa ni la meza. Mguu wa hewani ukibadilika kufuata pahali, kosa ni la sakafu. Kwa sakafu, kata kipande cha ngozi ya kiatu au kizibo, kigandishe chini ya mguu husika, na utie alama ndogo chini ya fremu kuonyesha meza inavyokaa. Sakafu ya chokaa usiitie saruji kwa sababu ya meza.

Jaribio la pili: bonyeza kona mbili zinazokabiliana, kisha zile nyingine mbili. Meza ikinesa kama pembea juu ya miguu miwili, kuna mguu mfupi, au fremu imejipinda. Funga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, zikatize katikati juu ya fremu iliyopinduliwa. Zikigusana sawasawa, fremu ni sawa na mguu ndio mfupi. Moja ikielea mbali na mwenzake, fremu imejipinda na kukata mguu hakutaitibu, maana itazidi kujipinda ukiibebesha.

Jaribio la tatu: shika uso wa meza, usukume ubavuni taratibu, huku mwenzako anaangalia pale mguu unapokutana na fremu. Mwanya ukifunguka hapo, hata wa unene wa ukucha, gundi imekufa. Meza za kabla ya gundi nyeupe ya chupa kuenea ziligandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama. Ndani ya kiungo utaiona kahawia iliyoiva, inakatika kama sukari guru. Gundi hii ina wema mmoja mkubwa: huyeyuka kwa maji ya moto na mvuke. Fundi aliyeitumia alikuachia mlango wa kurudi.

Tenganisha kiungo pole pole, kwa kitambaa cha maji ya moto na nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida iliyovikwa nguo. Kabla ya kugonga, tafuta vigingi vya mbao vilivyopita katikati ya kiungo na misumari iliyofichwa. Fundi wa baadaye, akiona kiungo kimelegea, hukipiga msumari. Msumari hauvuti kiungo, unakishikilia pale pale kilipolegea, kisha unapata kutu, unavimba na kuipasua mbao. Ng'oa misumari yote kwanza. Safisha gundi ya zamani hadi mbao ionekane, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokufa. Ulimi wa mbao ukiwa umelegea ndani ya tundu lake, gandisha ubavuni mwake kibanzi cha mbao ile ile, ukichonge mpaka uingie kwa kubana kidogo. Usijaze nafasi kwa gundi na vumbi la mbao, maana huo ni uji na hauna nguvu.

Kama huna jiliwa ndefu ya kubana fremu nzima, zungusha kamba ya katani miguu yote minne mara mbili, ingiza kijiti katikati ya kamba na ukisokote. Kamba itabana kuliko unavyodhani. Weka vipande vya gunia kwenye kona isije ikachora mbao. Iache usiku kucha.

Sababu ya nne ya kuyumba inajificha chini kabisa. Sakafu zetu hupigwa deki kila asubuhi. Maji hunywewa na nyuzi za mguu kutoka chini, kidogo kidogo, miaka ishirini, thelathini. Chomeka bisibisi kwenye wayo wa mguu. Ikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, sehemu hiyo imeoza. Kata hadi mbao nzima na uunge kiatu cha mbao ya aina ile ile, kisha yeyusha nta ya nyuki na uinyweshe sehemu ya chini ikiwa ya moto. Hiyo nta tia hata kwenye miguu mizima. Ni kazi ya dakika tano inayozuia ugonjwa wa miaka.

Dalili: uso umepasuka, au umejikunja kama sinia

Mbao haifupiki wala kurefuka kwa kiasi cha kuonekana, ila upana wake hubadilika kila msimu. Masika inavimba, kaskazi inasinyaa. Uso wa sentimita 90 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya misimu hiyo. Mninga hutulia kuliko wengine, lakini nao hucheza. Ufa unaofuata nyuzi, tena unaoanzia ncha ya ubao, karibu kila mara maana yake ni kwamba mtu ameubana uso kwenye fremu kwa skrubu zisizoachia.

Pindua meza utazame. Skrubu zikiwa zimepigwa moja kwa moja pande zote, zifungue. Wakati mwingine ufa hujifunga wenyewe kwa sehemu baada ya wiki chache, na raha ya kuliona hilo siwezi kuieleza. Kisha panua matundu ya fremu yawe marefu kwa upande wa mchezo wa mbao, au tumia vibano vya mbao vinavyoteleza ndani ya mfuo. Uso ushikwe usiruke, lakini uachiwe usogee.

Sababu nyingine siku hizi ni kiyoyozi. Meza iliyoishi miaka themanini kwenye hewa ya bahari, ikawekwa chumba cha wageni chenye kiyoyozi mchana na usiku, hukauka haraka. Upande wa chini ambao haukupakwa kitu hukauka upesi kuliko wa juu uliopakwa. Ubao unajikunja. Wengi hupaka juu tu na kusahau chini. Ukipaka, paka pande zote mbili.

Usijaze ufa kwa epoksi wakati wa kaskazi. Ufa uko wazi kuliko kawaida. Masika ikija, mbao itavimba, itakutana na kitu kigumu kisichokubali, na itapasuka pahali pengine. Ufa mwembamba ujaze nta yenye rangi ya mbao. Ufa mpana uingizie kibanzi kirefu cha mbao ile ile, ukigandishe upande mmoja tu.

Dalili: droo haivutiki

Uliza mwezi. Kama ni Aprili au Mei, usiguse randa. Mbao imevimba kwa unyevu, na ukiiranda sasa, Januari droo itakuwa inacheza ndani kama jino bovu. Itoe, ikaushe kwa siku chache pahali penye upepo pasipo jua kali, kisha sugua mshumaa kwenye njia zake za chini na kwenye kingo. Droo inayokwama hata wakati wa kaskazi ndiyo inayohitaji uchunguzi: tazama njia zake kama zimelika upande mmoja, na tazama ubao wa chini kama umelegea ukashuka na kuburuta.

Dalili: madoa

Doa jeupe la duara, la kikombe cha chai, ni unyevu ulionaswa ndani ya rangi ya juu. Mbao yenyewe haijaguswa. Doa jeusi limefika kwenye mbao. Hilo ndilo la kujua kabla ya kushika msasa.

Kwa doa jeupe, kwanza tambua rangi ya juu ni ya aina gani. Tia tone la spiriti pahali pa siri, nyuma ya mguu. Ikinata, ni shelaki, polishi ya zamani. Ikikataa, jaribu tone la thina, na hapo ikilainika ni laka ya kupuliza. Ikikataa zote, ni vanishi ya mafuta au ya kisasa. Shelaki ndiyo rahisi kuliko zote: kitambaa kilicholoa spiriti kidogo sana, kipitishwe juu ya doa kwa mwendo mwepesi bila kusimama. Ukisimama, kitambaa kinagandana na polishi na unapata jeraha jipya. Watu wengi wamekwangua hadi mbao polishi ambayo ingefufuliwa kwa nusu kikombe cha spiriti.

Doa jeusi kuzunguka msumari au chini ya sufuria ya chuma ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, kukiwa na maji. Msasa hauliondoi, unachimba bonde tu. Tiba yake ni asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji vuguvugu, inayopakwa kwenye mbao iliyo wazi, kisha kusuuzwa vizuri. Ni sumu, vaa glavu, na usiipige msasa ikiwa imekauka. Ndimu husaidia doa changa, kwa la miaka mingi haina nguvu. Na bila kuung'oa msumari na kuweka wa shaba au kigingi cha mbao, doa litarudi.

Dalili: vanishi mpya inanata wiki nzima

Msaji una mafuta yake ya asili, na mvule nao una vitu vinavyozuia vanishi ya mafuta kukauka. Futa uso kwa thina safi hadi kitambaa kisitoke na rangi, acha ikauke, tia koti moja jembamba la shelaki, halafu ndipo upake vanishi. Hata gundi ikigoma kushika kwenye msaji, dawa ni kufuta hivyo hivyo kabla ya kugandisha.

Binafsi, ndani ya nyumba ya chokaa sipendi vanishi inayong'aa kama kioo. Mwanga wa nyumba hizi huingia kwa madirisha membamba na kutua laini ukutani, na meza inayometa inaonekana kama imekosea nyumba. Mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, makoti matatu membamba, na nta ya nyuki juu yake yanatosha, na yanatengenezeka bila kukwangua. Lakini sikiliza: matambara yaliyoloa linsidi yakirundikwa huchemka yenyewe na kuwaka moto. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yazamishe ndani ya ndoo ya maji. Dari zetu ni boriti na vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto.

Meza ikiwa na rangi ya mafuta ya zamani sana, ya kijani au nyeupe, chukulia kwamba ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Ilainishe kwa dawa ya kutoa rangi, ikwangue ikiwa mbichi, na zoa mabaki yote.

Dalili: unga mweupe chini ya meza

Fagia, weka karatasi nyeusi, rudi baada ya siku tatu. Karatasi ikiwa safi, huenda matundu ni ya zamani na wadudu walishahama. Ukipata vilima vidogo vya unga, wamo bado. Wadudu hawa wanaobungua mbao hupenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Kiini cha mvule au msaji kwa kawaida hawakigusi. Kwa hiyo tazama matundu yako wapi kabla ya kuhukumu meza nzima: mara nyingi ni ukingo mmoja mweupe ambao fundi wa zamani aliuacha na kuupaka rangi. Ondoa ukingo huo na uunge mbao ya kiini. Matundu yaliyobaki yaingizie dawa kwa bomba la sindano, na mbao iliyo wazi ipake dawa ya borati. Mafuta ya taa, ambayo kila mtu hushauri, hayafiki mbali na huacha harufu.

Njia za udongo zinazopanda mguu ni mchwa, na mchwa hawatoki kwenye meza. Wanatoka sakafuni au ukutani, na hapo mgonjwa ni nyumba.

Ukuta nao una yake. Kuta za matumbawe huvuta unyevu na chumvi, hasa zilizopigwa saruji juu ya chokaa. Acha nafasi ya ngumi moja kati ya meza na ukuta, hewa ipite.

Dalili: meza haipiti mlangoni

Usifikirie hata kidogo kuupanua mlango. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na kugusa kuta na milango kuna utaratibu wake kwa mamlaka za hifadhi. Fungua skrubu za uso, uso uingie ukiwa umesimama wima kwa ubavu na fremu ifuate, mguu mmoja mmoja ukizungushwa kwenye kizingiti. Meza iliyowahi kuishi ghorofani ilipanda kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kuifungua, andika kwa penseli namba chini ya kila mguu na kwenye kona yake ya fremu, kwa sababu miguu ya kazi ya mkono haibadilishani.

Dalili: palipokatwa panaonekana papya

Mbao iliyounganishwa juzi huwa nyeupe kando ya mbao ya miaka mia. Chemsha chai ya rangi nzito sana, paka, acha ikauke. Kando, loweka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa siku kadhaa, chuja, paka juu ya chai. Mbao inageuka nyeusi au kijivu mbele ya macho yako. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, maana kila mti hujibu kwa namna yake, na ukizidisha hakuna kurudi. Nchani mwa mbao, pale nyuzi zilipokatwa, rangi hunywewa zaidi, kwa hiyo piga msasa laini zaidi hapo na upake kidogo zaidi.

Na vile vipande vya miguu ulivyokata, usivitie jikoni. Viandike namba kama miguu yake, vifunge kwa uzi, uvitie kwenye kitambaa na kukipigilia chini ya uso wa meza pasipoonekana. Meza ya yule bi mkubwa wa Kiponda ingekuwa na vyake, ningevirudisha siku ile ile. Ilibidi nimtengenezee viatu vitatu vya mvule, na kila kimoja kina urefu wake.